Leza Zinazolengwa Kwenye Ndege: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Anga wa Afrika Mashariki

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa CASSOA (wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki), Entebbe. Kwa Wakurugenzi Wakuu wa mamlaka za usafiri wa anga za nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na kwa wakuu wa mashirika ya viwango ya nchi hizo.

Waheshimiwa,

Nawaandikia hadharani, tena nawaandikia wote kwa pamoja, kwa sababu jambo ninalolileta limeangukia katikati ya ofisi zenu, na jambo la namna hiyo hukosa mwenyewe. Mtu wa anga anaweza kusema bidhaa za sokoni ni kazi ya shirika la viwango. Mtu wa viwango naye anaweza kusema usalama wa ndege ni kazi ya mamlaka ya anga. Kila mmoja atakuwa amesema kweli, na kitu kitaendelea kuuzwa.

Kitu chenyewe ni kalamu ya leza. Katika masoko ya Kariakoo Dar es Salaam, Gikomba Nairobi au Owino Kampala utaikuta mezani pamoja na chaja, kava za simu na tochi, na anayeinunua haulizwi umri wala matumizi. Ikibonyezwa usiku hutoa uzi wa kijani unaoonekana kama unagusa mawingu, na mwenye nayo hutamani kujua unafika wapi. Hapo macho yake hutafuta kitu cha mbali cha kukilenga. Katika mitaa iliyo chini ya njia za ndege, kitu hicho ni taa za ndege inayoshuka kutua. Wengi wa wanaofanya hivyo hawana nia ya kumuua mtu, na ndiyo sababu sheria zilizoandikwa kwa ajili ya watu wenye nia ya kuua haziwafai.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kulenga ndege kwa leza kunapaswa kuwa kosa linalojitegemea, lililotajwa kwa jina katika sheria ya kila nchi ya Jumuiya, na leza zenye nguvu zinapaswa kuzuiwa bandarini na mipakani kabla hazijafika mezani kwa mchuuzi. Nitaeleza kwa nini, kisha nitasema ninachoomba.

1. Kinachotokea ndani ya chumba cha marubani

Anayelenga hudhani kwamba nukta ndogo anayoiona ukutani kwake ndiyo hiyo hiyo inayofika angani. Sivyo. Mwanga wa leza hutanuka kadiri unavyosafiri. Kalamu ya kawaida hutanuka kiasi cha mita 1 kwa kila kilomita 1, kwa hiyo kinachoifikia ndege iliyo umbali huo ni duara la mwanga lenye upana wa mita nzima, linalotosha kukifunika kioo kilicho mbele ya rubani. Kioo hicho ni kinene, kina tabaka kadhaa, na huwa na mikwaruzo midogo ya vumbi, mvua na vifutio. Mwanga ukikigonga hutawanyika, na rubani aliyekuwa anaona mistari miwili ya taa za njia ya kurukia anaona ukungu wa kijani. Mkono wa mtu hautulii na ndege nayo inakwenda, kwa hiyo mwanga haubaki mahali pamoja. Unakuja, unapotea, unarudi, na kila unaporudi jicho linashtuka upya.

Wakati wa kutua usiku marubani hupunguza mwanga wa vifaa vyao kwa makusudi ili macho yao yazoee giza la nje. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu, na mboni iliyopanuka gizani huingiza mwanga mwingi zaidi. Rangi ya kijani ya kalamu hizi, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 532, iko karibu na pale ambapo jicho la binadamu huhisi mwanga kwa wepesi kuliko rangi nyingine. Leza nyekundu yenye nguvu ile ile huonekana hafifu mno ikilinganishwa nayo. Ni kweli kwamba mara chache leza ya mkononi huleta jeraha la kudumu kwenye jicho la rubani aliye mbali, na sitaki kutia chumvi katika hilo, ingawa nchini Marekani marubani zaidi ya 300 wameripoti kuumia tangu takwimu zilipoanza kukusanywa mwaka 2010. Hatari kubwa ni upofu wa muda: sekunde kadhaa za kutoona kitu, na baada yake doa linaloelea mbele ya macho hata ukiyafumba.

Sekunde hizo zihesabiwe kwa mwendo wa ndege. Ndege kubwa ya abiria inaposhuka huwa katika mwendo wa takribani kilomita 250 kwa saa, yaani karibu mita 70 kila sekunde. Ikibakiza kilomita 1 kufika mwanzo wa njia ya kurukia, iko mita zipatazo 70 tu juu ya mapaa ya nyumba na ina sekunde kama 15 kabla ya kufika hapo. Rubani asiyeona kwa sekunde 5 amesafiri mita 350 bila macho, akiwa na abiria nyuma yake na mitaa chini yake. Ndiyo, yuko rubani wa pili. Lakini wote wawili wamekaa nyuma ya vioo vinavyotazama upande mmoja, na mwanga unaomwingia mmoja mara nyingi humwingia na mwenzake. Na viwanja vyetu vidogo visivyo na mitambo ya kumwongoza rubani hadi chini humtegemea yeye aone kwa macho yake. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikijiandaa kutua Bukoba, watu 19 kati ya 43 wakapoteza maisha. Leza haikuhusika hata kidogo, hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ninaitaja kwa sababu kila mmoja wenu aliona siku ile jinsi nafasi ya kusahihisha kosa inavyokuwa finyu ndege ikiwa chini.

Haya si mageni kwenu. Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga wa kimataifa, ambao nchi zetu zote ni wanachama wake, kinapendekeza maeneo ya ulinzi dhidi ya leza kuzunguka kila kiwanja. Katika eneo la ndani kabisa mwanga wa leza haupaswi kuzidi nanowati 50 kwa kila sentimita ya mraba. Chukueni kalamu ya miliwati 5, mfikirie ndege iliyo kilomita 1, mgawanye mwanga huo juu ya duara la upana wa mita 1: mtapata zaidi ya nanowati 600, yaani zaidi ya mara kumi ya kiwango hicho. Hata kalamu ya miliwati 1 inakivuka ikilengwa kutoka chini ya kilomita moja na nusu. Kalamu ya miliwati 100 katika umbali wa kilomita 1 inavuka hata kikomo cha eneo la pili, lenye masharti nafuu zaidi, ambalo huenea hadi kilomita 18.5 kutoka kiwanjani. Pigeni mstari wa urefu huo kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, muone unafika wapi. Kipawa, Kiwalani, Vingunguti na Ukonga zimo. Kariakoo yenyewe, ambako kalamu hizi zinauzwa, imo.

Malalamiko yangu ya kwanza basi ni haya: maeneo haya yanajulikana na wahandisi wa viwanja na wataalamu wenu, lakini aliyesimama juu ya paa Kiwalani hajawahi kuonyeshwa ramani yake. Lugha yote iliyotumika ni ya miongozo ya viwanja, ilhali hatari inatoka nje ya uzio.

2. Lebo haisemi kweli

Mashirika ya viwango huweza kujibu kwamba bidhaa hizi zina lebo, na kwamba lebo husema nguvu yake iko chini ya miliwati 5. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitangaza matokeo ya kupima kalamu 122 za leza. Karibu asilimia 90 ya zile za kijani, na asilimia 44 ya zile nyekundu, hazikutimiza masharti ya usalama ya nchi hiyo. Hiyo ni Marekani, yenye kikomo cha kisheria cha miliwati 5 na wakaguzi wa kukisimamia. Kama huko lebo ya leza ya kijani haiaminiki, hatuna sababu ya kuiamini ikiwa imepita kontena moja hadi jingine mpaka kufika Mombasa au Dar es Salaam.

Iko sababu ya kiufundi, na inafaa ijulikane na maofisa wa forodha. Leza ya kijani ya bei rahisi haizalishi kijani moja kwa moja. Ndani yake kuna kifaa kinachotoa mwanga usioonekana wa infraredi, ambao hupitishwa katika fuwele mbili ndipo sehemu yake igeuke kuwa kijani. Kalamu iliyotengenezwa vizuri ina kichujio cha kuzuia infraredi iliyobaki isitoke nje. Mtengenezaji anayebana gharama hukiacha. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi anashika kifaa kinachomwaga mwanga ambao jicho haliuoni wala halikwepi, na mtoto anayemlenga mwenzake usoni anaweza kumwumiza retina bila yeyote kati yao kushtuka. Kwa hiyo hata aliye mbali na njia za ndege ana haki ya kudai mkague bidhaa hii, na ukaguzi wa kusoma maandishi ya kwenye boksi hautoshi. Inahitajika mita ya kupima nguvu ya leza, kifaa kidogo kinachowekwa mezani, na mtu aliyefundishwa kukitumia.

3. Kifungu cha jumla hakitoshi

Nakuja kwenye sheria, na hapa nawaomba mnivumilie kwa sababu ndipo penye uzito wa barua hii. Wapo watakaosema hatuhitaji sheria mpya, kwa kuwa kuhatarisha usalama wa ndege ni kosa tayari, na adhabu yake ni kali. Kosa hilo lipo. Tatizo ni kile ambacho mwendesha mashtaka anatakiwa kukithibitisha.

Tazameni kilichotokea California. Mtu mmoja wa huko alilenga kwa leza helikopta iliyohudumia hospitali ya watoto, na helikopta ya polisi ilipokwenda kumtafuta akailenga nayo. Mwaka 2014 alihukumiwa kifungo cha miaka 14, na habari ilitangazwa kwa kishindo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ikaifuta hatia nzito iliyobeba adhabu hiyo, ile ya kujaribu kuvuruga uendeshaji salama wa ndege kwa kutojali maisha ya watu. Majaji waliona kwamba ushahidi ulionyesha mtu aliyetaka kujua leza yake inafika umbali gani. Alifanya upumbavu, lakini haikuthibitika kwamba alijua hatari aliyoisababisha. Kilichobaki ni hatia ya kosa jingine, la mwaka 2012, ambalo halimuulizi mshtakiwa alijua nini kuhusu macho ya rubani. Linauliza kama alilenga leza kwenye ndege akijua anafanya hivyo. Adhabu yake ya juu ni miaka 5 jela na faini ya hadi dola 250,000, na mamlaka ya anga, FAA, inaweza kumtoza faini yake yenyewe pembeni, bila kupitia mahakama ya jinai.

Somo ni kubwa kwa nchi zetu. Kifungu kikubwa chenye adhabu ya kutisha kilimponyoka mwendesha mashtaka mwenye maabara, picha za video za helikopta na fedha za kutosha. Kifungu kidogo kilichoandikwa kwa ajili ya tendo lenyewe kikashika. Kwetu, ambako polisi wa kituo cha kata atakuwa na kalamu iliyokamatwa, shahidi mmoja jirani na maelezo ya mwongoza ndege, kifungu cha jumla kitatoa mojawapo ya mambo matatu: kesi itaanguka, au haitafunguliwa kabisa. La tatu, ambalo ni baya zaidi, ni kijana wa miaka 19 kubebeshwa mashtaka ya kihalifu yaliyotungwa kwa ajili ya magaidi.

Uingereza nayo ilipitia njia hiyo. Kanuni yake ya anga ilikuwa na kosa la kumwangazia rubani mwanga wa kumpumbaza, na faini yake haikuzidi pauni 2,500. Mwaka 2016 pekee matukio zaidi ya 1,200 yaliripotiwa huko, na Februari mwaka huo ndege ya Virgin Atlantic iliyokuwa inakwenda New York iligeuza ikarudi Heathrow kwa sababu rubani mmoja alijisikia vibaya baada ya leza kuilenga ndege wakati ikipaa. Mwaka 2018 Bunge lao likapitisha sheria maalumu. Kuangaza leza kuelekea chombo kinachosafiri kwa namna inayompumbaza au inayoweza kumpumbaza anayekiendesha ni kosa, awe alikusudia madhara au hakukusudia. Kifungo kinaweza kufika miaka 5 na faini haina kikomo. Sheria hiyo hiyo inampa mshtakiwa njia ya kujitetea akionyesha alikuwa na sababu ya msingi, au kwamba hakukusudia kuangaza na alichukua tahadhari zote za kawaida. Sioni sababu ya msingi ya sisi kushindwa kuandika kifungu kama hicho. CASSOA iliundwa mwaka 2007 kwa kazi hasa ya kuoanisha kanuni za anga za nchi wanachama.

4. Kwa wale wenye shaka

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba hakuna ndege ya abiria inayojulikana kuanguka kwa sababu ya leza, kwa hiyo hofu hii imekuzwa. Sehemu ya kwanza ya pingamizi ni kweli na ninaikubali. Sehemu ya pili haitokani na ya kwanza. Rwanda ilitoa kanuni za droni mwaka 2016 na Kenya ikatoa zake mwaka 2020, na hakuna aliyesubiri droni iangushe ndege ya abiria kwanza. Mliona kifaa cha bei ndogo kinachoweza kumfikia rubani bila ruhusa, mkatunga kanuni, na mkafanya vema. Leza ni kifaa cha bei ndogo zaidi, hakisajiliwi, hakionekani kwenye rada, na kinafika kwenye kioo cha rubani kwa kasi ya mwanga. Kipimo mlichotumia kwa droni kitumieni na hapa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na linatoka Marekani kwenyewe. Mwaka 2010 FAA ilipokea taarifa zaidi ya 2,800 za ndege kulengwa kwa leza. Sheria ikaja mwaka 2012. Mwaka 2023 taarifa zilikuwa 13,304, na mwaka 2024 zikawa 12,840. Mtu anaweza kuuliza: sheria imesaidia nini? Sehemu ya ongezeko inaweza kutokana na marubani kuripoti zaidi, lakini siwezi kulieleza lote kwa njia hiyo. Jibu langu ni kwamba Marekani iliadhibu tendo na kuuacha mlango wa bidhaa wazi, leza zikazidi kuwa rahisi na zenye nguvu, na huwezi kumweka polisi chini ya kila njia ya ndege. Australia ilichagua njia nyingine. Baada ya ndege kadhaa kulengwa kwa pamoja zikikaribia Sydney Machi 2008, ilizuia kuingiza nchini kalamu za zaidi ya miliwati 1 bila kibali. Kanada, mwaka 2018, ilikataza mtu kuwa na leza ya mkononi ya zaidi ya miliwati 1 bila sababu halali katika maeneo ya miji ya Montréal, Toronto na Vancouver, na ndani ya kilomita 10 kutoka viwanja vya ndege. Huko Kanada polisi hahitaji kumfuma mtu akilenga. Inatosha kumkuta nayo mahali ambapo hana shughuli nayo. Kwa nchi zetu, zenye polisi wachache na helikopta chache zaidi, kuzuia bidhaa kuna maana kubwa kuliko kwa Wamarekani.

Wapo walimu na wanafunzi wa elimu ya nyota, wapima ardhi, mafundi wa ujenzi na watafiti wanaohitaji leza, na madai yao ni halali. Mwalimu anayeonyesha kitu ubaoni anatosheka na miliwati 1. Vifaa vya upimaji na ujenzi ni aina nyingine ya bidhaa, vina wauzaji wanaojulikana na bei inayomkatisha tamaa mchezeaji. Wanaoonyesha nyota wapewe kibali, wakumbushwe kukaa mbali na njia za ndege. Kundi hili ni dogo na linaweza kuhudumiwa kwa fomu moja.

Kuhusu watoto, nakubaliana na anayesema wasifungwe. Mtoto wa miaka 13 aliyelenga ndege kutoka uani anahitaji mzazi wake aitwe, kalamu ichukuliwe, na aelezwe alichofanya. Aliyemuuzia ndiye anayestahili faini.

Na anayesema tuna matatizo makubwa kuliko haya, yaani viwanja visivyo na taa, mitambo ya zamani, uhaba wa waongoza ndege, amesema kweli. Lakini taa za njia ya kurukia zinahitaji mabilioni. Hili linahitaji kifungu, mita za kupimia na tangazo la redio.

5. Ninachoomba

CASSOA iandae kifungu cha mfano kuhusu leza na kuzipelekea nchi wanachama. Kiseme kwamba kulenga leza kwenye ndege au helikopta, iwe angani au ikitembea uwanjani, ni kosa bila kuhitaji ushahidi wa nia ya kudhuru. Kiweke adhabu ya juu isiyozidi miaka 5 kwa mtu mzima, faini ya papo kwa papo inayotozwa na mamlaka ya anga kwa matukio mepesi, utaratibu wa mahakama za watoto kwa walio chini ya miaka 18, na utetezi wa wazi kwa aliyeangaza bila kukusudia. Kiwalinde pia waongoza ndege walio mnarani, ambao macho yao yana thamani ile ile.

Mashirika ya viwango yaweke kikomo cha miliwati 1 kwa kalamu yoyote ya leza inayouzwa kwa umma, na kuzuia isiuzwe kwa walio chini ya miaka 18. TBS ya Tanzania, KEBS ya Kenya na UNBS ya Uganda, tayari mna mfumo wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa. Iwekeni leza katika orodha yake, mtake cheti cha kipimo halisi cha nguvu, kijani na infraredi, na mrudie kipimo kwa sampuli Dar es Salaam na Mombasa. Msisahau vifurushi vinavyoagizwa mtandaoni na kupitia posta, kwa sababu mlango mkubwa ukifungwa biashara itahamia huko. Wafanyabiashara wapewe miezi michache ya kumaliza au kurudisha mzigo walionao. Mchuuzi aliyeweka mtaji wake kwenye boksi moja la kalamu hakutunga tatizo hili, na askari wa jiji wasipewe kisingizio kipya cha kumpora.

Kila mamlaka ya anga itangaze ramani ya maeneo ya ulinzi dhidi ya leza kwa kila kiwanja kikubwa, kwa Kiswahili, yenye majina ya mitaa kama wakazi wanavyoyajua: Magongo na Port Reitz kwa Mombasa, Embakasi kwa Nairobi, Kisauni kwa Zanzibar. Ramani hizo zifike kwa wenyeviti wa serikali za mitaa, kwa machifu na kwa walimu wakuu. Tangu Februari 2021 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya. Onyo la usalama kwa wakazi ni mahali pazuri pa kuonyesha hivyo kwa vitendo.

Muweke pia fomu moja ya Jumuiya nzima ambayo rubani ataijaza akilengwa: saa, mahali, kimo, rangi ya mwanga, muda uliodumu, na kama macho yake yaliathirika. Mnara upewe utaratibu wa kuwaonya marubani wanaofuata na kupiga simu polisi palepale, maana mwanga wa leza huchora mstari unaorudi hadi alipo mwenyewe, na dakika kumi baadaye mstari haupo. Kisha mtangaze hesabu hizo kila mwaka, kwa kila kiwanja, zikiwa ndogo au kubwa. Abiria ana haki ya kuzijua, na ninyi wenyewe hamtaweza kupima kama hatua zenu zinafanya kazi bila hizo.

La mwisho lina tarehe. Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON 2027. Machi 29, 2022, Misri ilipocheza na Senegal huko Diamniadio nchini Senegal, uso wa Mohamed Salah ulijaa kijani alipokwenda kupiga penalti, dunia nzima ikatazama. FIFA ililitoza shirikisho la Senegal faranga za Uswisi 175,000 kwa vurugu za siku hiyo, leza zikiwamo. AFCON itakapokuja kwetu, mashabiki watakuja nazo, na wauzaji wataagiza nyingi kuliko sasa. Uwanja wa Nyayo jijini Nairobi uko jirani na kiwanja cha ndege cha Wilson. Uwanja wa Benjamin Mkapa uko ndani ya zile kilomita 18.5 za Julius Nyerere. Wakati huo huo ndege za timu, za waandishi na za mashabiki zitakuwa zinatua usiku kucha. Kwa hiyo naomba kifungu cha mfano kiwe kimetoka CASSOA, na kikomo cha miliwati 1 kiwe kimeanza kusimamiwa bandarini, kabla ya mchezo wa kwanza kupigwa.

Naomba kila ofisi iliyotajwa juu ya barua hii ijibu kwa maandishi na hadharani, ikitaja ni lipi kati ya maombi haya inalikubali, ni lipi inalikataa na kwa sababu gani, na ofisa gani amekabidhiwa kulifuatilia.

Wenu kwa heshima,
Mwananchi wa Afrika Mashariki